Kikombe Kilichooshwa

Wiki hii nimekisoma tena kile kitabu cha bibi aliyekufa kwa maziwa. Ni mara ya tisa, au ya kumi, na muuaji ninamjua tangu anapoingia sebuleni na koti lake la mvua, kabla hata hajaketi. Watoto wangu hunicheka. Wanauliza kuna raha gani kumfukuza mwizi ambaye umeshamkamata. Mimi huwaambia waende wakatafute kazi ya kufanya, kwa sababu kueleza kunachukua muda na sufuria iko jikoni. Leo sufuria imeshatoka, basi nieleze.

Nilizaliwa Sotik, nyuma ya duka la baba. Wazazi wangu walikuja kutoka mkoa wa kati kufanya biashara, wakapapenda, wakakaa. Mwalimu mmoja alipohamishwa alituachia katoni nzima ya hadithi za upelelezi za Kiingereza, na baba, mtu asiyependa kitu kikae bure, akaanza kuzichana kurasa za kufungia tumbaku. Niliokoa vitabu vitatu tu. Nilipoolewa Boito, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilivibeba chini ya blanketi kana kwamba nimeviiba.

Mume wangu alifundisha Kericho na kurudi Ijumaa jioni. Siku nyingine zote tulibaki watu wawili, mimi na mama yake, pamoja na ng'ombe wanne na majani chai ambayo hayajui Krismasi. Mama mkwe wangu alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye macho ya kuona jani baya kutoka ng'ambo ya shamba. Kiswahili alikiokota ujanani akichuna chai kwenye mashamba makubwa, na mimi Kipsigis changu kilikuwa cha salamu na cha kuuza sukari, kwa hiyo tulikutana katikati, kwenye Kiswahili.

Hakuwa mkali. Alinifundisha kuchuna majani mawili na chipukizi, kulaza ufito juu ya miti ili meza ya chai, ule usawa wa juu wa kuchunia, ibaki sawa, kumkamua ng'ombe mwenye hasira. Kitu kimoja tu hakunipa: vibuyu. Alikuwa na vibuyu vitano vya mursik, yale maziwa ya kulalisha siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na vyote vilisimama kwenye kona ya jiko lake. Aliviosha yeye, akavisugua yeye, akamimina yeye. Na katika boma lile anayemimina huonja kwanza mbele ya anayepewa, ili mnywaji aone kwamba ni salama. Mwaka mzima yeye alimimina, yeye alionja, mimi nikanywa. Mkono wangu haukugusa hata kizibo.

Nilielewa, ingawa kuelewa hakukunizuia kuumia. Miaka ile watu wa pande zetu mbili walikuwa wametazamana kwa jicho baya, na wengine walihama na mizigo kichwani. Siku moja nilimsikia jirani akimuuliza mama mkwe, bila hata kushusha sauti, kama kweli anakula chakula cha yule mtu na kulala usingizi. Sikusikia alichojibiwa. Nilichojua ni kwamba nilikitaka kibuyu kimoja cha kona ile kuliko nilivyotaka redio, kuliko nilivyotaka godoro jipya, na nililitaka sana hilo godoro.

Hadithi zilianza kwa mvua ya manyunyu. Tulikuwa tunachuna mistari miwili inayopakana, mimi nikiwa nyuma kama kawaida, akaniuliza ni nini kilichonichekesha kwenye kile kitabu jana. Nikamwambia. Akauliza kisha? Nikamwambia na kisha. Kufika mchana bibi tajiri wa nchi ya baridi alikuwa ameshakunywa maziwa yake ya jioni na kufa, na vikapu vyetu vilikuwa vimejaa kuliko siku yoyote. Akaweka sheria: hadithi ni ya mikono inayofanya kazi. Nikisimamisha vidole mahali penye utamu, naye anafunga masikio, anahamia mstari wa mbali.

Jumamosi ilikuwa na utaratibu wake. Tukishapimiwa majani, tuliketi nyuma ya kioski kilicho karibu na kituo cha kupimia majani, juu ya magunia matupu, tukagawana soda moja na mandazi mawili, na kila mmoja akasema kitu kimoja kizuri cha wiki. Mama aliuita ushuhuda mdogo. Alisema kanisani watu husimama kwa mambo makubwa tu, aliyepona, aliyenusurika ajali, na hakuna anayethubutu kusimama kumshukuru Mungu kwa sababu ng'ombe hakupiga ndoo teke. Hayo madogo tukayaweka Jumamosi. Yeye aliwahi kushukuru kwamba mvua ilisubiri hadi majani yakapimwa. Mimi nilishukuru kwa kuku niliyemkuta katikati ya chai na mayai kumi na moja. Nilizipenda sana Jumamosi zile, na hadi leo soda ya chupa moja, ya watu wawili, naiona kuwa tamu kuliko ya mtu mmoja.

Sasa kosa langu. Kitabu nilikijua mwisho wake, lakini kujua na kusikia mdomo wako ukikaribia ni vitu viwili. Tulibakiza mstari mmoja siku ile. Nilikuwa nimesimama na kikapu mgongoni, nikimtazama mama mkwe wangu usoni, ndipo nikatambua ninachotaka kumwambia: kwamba bibi yule aliuawa na mke wa mwanawe, msichana aliyetoka mbali, aliyepokelewa vizuri, na kwamba alimuua kwa kikombe cha maziwa. Nikakiweka kikapu sawa mgongoni. Akauliza, "Nani?" Nikasema ni daktari wa yule bibi.

Akafyonya, akasema madaktari, akaendelea kuchuna. Nikashukuru kimya kimya, na ushuhuda huo sikuutoa Jumamosi.

Nikamsimulia kitabu cha pili, nikamsimulia cha tatu. Vikaisha. Nikadhani atachoka. Badala yake akataka cha kwanza kirudiwe. Alisema mara ya kwanza alikuwa anakimbizana na hadithi, sasa anataka kutembea, amwangalie daktari akijificha na huku yeye anamwona. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza vizuri zaidi kwa nini mimi husoma kitabu mara mbili. Ningefurahi sana, kama daktari angekuwa na hatia.

Nilijaribu kuipinda hadithi. Nikamrudisha daktari mlangoni, nikamwongezea chuki, nikamnyima mkewe. Lakini mwongo anahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu nzuri alikuwa nayo mama. Hakunikatiza. Siku ya tatu, ilikuwa Ijumaa, akaanza kuuliza, vidole vikienda.

"Hiyo daktari alitoka saa ngapi?"

Nikasema jioni, kabla maziwa hayajachemshwa.

"Na geti ilifungwa na nani?"

Na mtunza bustani, nikasema. Alikuwa ameyasikia yote hayo mara ya kwanza. Akachuna mti mzima. Kisha akauliza kile kikombe, ambacho asubuhi kilikutwa safi, kimefunikwa, kilioshwa na nani. Nikasema daktari, ili kuficha sumu.

Akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Mimi nimezaa wanaume tano. Hakuna hata moja imewahi kuosha kikombe. Huyo ni mwanamke, tena wa hapo nyumbani, anajua kitambaa inakaa wapi."

Akaingiza mkono kwenye kikapu changu, akatoa jani gumu, lile la nne au la tano ambalo karani wa kituo hulikataa, akanionyesha. Akasema anayetaka kumpita karani haliweki juu, litaonekana, wala haliweki chini, litabaki juu akimwaga mezani. Analiweka katikati.

"Wewe umeweka mtu katikati. Ni nani?"

"Ni mke wa kijana wake, mama."

Alilitupa lile jani, akarudi kwenye mstari wake, akachuna hadi mwisho wa shamba. Nyuma yake nilichuna majani mabaya na mazuri pamoja, siyaoni. Nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa mpigo: nilikuwa nimemdanganya, na kisha nikamwambia lile lile nililodanganya ili asilisikie. Nilijua vile vibuyu vimekwenda. Jioni ile mume wangu alirudi, akamsalimu mama yake, akamsalimu mke wake, akatutazama kwa zamu, akaenda kuona ng'ombe.

Jumamosi tulipimiwa majani kila mmoja kivyake. Soda ikanunuliwa hata hivyo. Nilitangulia mimi, nikasema kitu kuhusu mahindi ambayo hayakuangushwa na upepo. Mama akanywa, akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja, akanipa. Akasema yeye wiki hii anashukuru kwa sababu amekamata mtu.

Nikaitazama chupa.

"Mwaka nzima nimekuchunguza," akasema. "Si kwa ubaya. Watu walisema, na mimi nina masikio. Sasa umenidanganya mara moja, na nimekushika siku tatu. Wewe hujui kudanganya, msichana wangu. Hata kuku huwezi kuiba nisijue."

Nililia hapo hapo, juu ya magunia, mbele ya watu wenye vikapu, na mandazi mkononi. Alikuwa hajawahi kuniita msichana wake. Yeye akaniacha nilie, akamaliza mandazi yake, na yangu nusu.

Alitangulia mbele ya Mungu miaka mingi baadaye, na wanawe walipogawana vitu, vile vibuyu havikugawanywa, kwa kuwa kila mtu alijua viko jikoni kwa nani. Ninapokisoma kile kitabu sasa, sikimbilii mwisho. Ninasoma polepole hadi asubuhi ile kikombe kinapokutwa safi, hapo naweka kidole, naangalia nje kwenye chai. Watoto hudhani nimesinzia.

Maana Jumamosi ile tulipofika nyumbani aliketi kwenye kigoda chake, akavua buti za mpira, akanyoosha miguu. Akasema nilete kibuyu, kile cha kona, chenye shanga. Nilikitikisa kama nilivyomwona akitikisa, nikatoa kizibo, nikamimina kikombe kimoja, na baadhi yakaniangukia miguuni. Kisha nikakiinua kikombe kuelekea mdomoni mwangu nionje, kama ilivyo desturi ya nyumba ile.

Akanishika mkono. "Lete," akasema. "Nina kiu."

Akanywa kwanza yeye, bila kunitazama, akanywa yote hadi chini. Kisha akanirudishia kikombe, akaniambia nikakioshe.