Utani Uishie Langoni

Rahanatu Alassane ni mtaalamu. Lakini si wale wanaoshuka kwenye ndege Jumatatu na kofia mpya, wakapanda tena Alhamisi na tumbo la kuendesha. Huyu ameishi nasi hapa Agadez, Niger, miaka kumi na mmoja, anajua kisima kipi kina chumvi na muuza nyama yupi ana mizani ya uongo. Kazi yake ni kulinda watoto wanaopitishwa mjini kwetu na watu wasio ndugu zao, wengine kwenda kaskazini jangwani, wengine kushuka kusini. Ameendesha semina nyingi mno hata jina lake limesahaulika. Tunamwita Madamu Semina.

Mwanafunzi wake bora ni Ghumur, Mtuareg wa makamo, mkaguzi wa abiria kwenye lango la stendi. Mwanzoni, tuseme ukweli, alihudhuria kwa ajili ya wali. Semina ya Madamu haina maana kama haina wali na nyama ya mbuzi. Ila siku moja masomo yakamwingia, akawa anakariri yale maswali ya kumwuliza mtu mzima anayesafiri na mtoto, anakariri kama mtoto wa madrasa.

Na utamu uko hapa: Rahanatu ni Mzarma wa Dosso, kule kusini, na Wazarma na Watuareg ni watani tangu enzi za mababu. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, na kukasirika ni mwiko.

"Mtumwa wangu, umeamka?" Rahanatu humwambia kila asubuhi akipita kwenda ofisini.

"Nimeamka, nakungoja uje unifulie kilemba."

"Kilemba hicho hakifuliki, labda kichomwe."

Hapo stendi nzima imeshapata kifungua kinywa.

Lakini kwenye semina ya tatu Madamu alisimama juu ya kiti akapiga marufuku. "Langoni hapana utani! Mtu akisema mtoto huyu nimemnunua, hata kama anacheka, mwandikeni. Wauza watoto nao wana meno, wanajua kucheka."

Ghumur akanyoosha mkono. "Hata akiwa mtani wangu?"

"Hata akiwa mama yangu mzazi!"

Basi wakachora kibao, wakakitundika juu ya lango: UTANI UISHIE LANGONI. Wataalamu kutoka nchi saba walikuja kukipiga picha.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, habari ikaja kutoka Dosso. Kadi, dada yake Rahanatu, kajifungua mtoto wa kike. Binti mkubwa wa Kadi, Bibata, wa miaka tisa, alikuwa akikaa kwa Rahanatu kwa ajili ya shule, mwaka wa pili sasa. Siku ya kumpa kichanga jina ilikuwa Alhamisi asubuhi. Bibata alikata mtandio wake mwenyewe akashona kofia ndogo, akaapa kwamba atamvika mdogo wake kabla imamu hajatamka jina. Basi la kuwahi lilikuwa moja tu, la Jumatano saa kumi na mbili asubuhi.

Wakafika langoni, Rahanatu na begi begani, Bibata na kofia yake mkononi kama yai.

"Karibu, Madamu," alisema Ghumur. "Na huyu binti unampeleka wapi?"

Rahanatu alikuwa na haraka, na mdomo wa mazoea hausubiri akili. "Nampeleka kusini kumuuza. Nikipata mnunuzi mzuri, na wewe nakutupia humohumo uwe nyongeza, mtumwa wangu."

Abiria walicheka. Ghumur hakucheka. Alitoa fomu ya washukiwa, akafungua kalamu.

"Kumuuza," alisema polepole, akiandika. "Mnunuzi... bado hajapatikana."

"Ghumur, acha masihara, basi linaondoka."

"Kibao kiko juu ya kichwa chako, Madamu. Barua ya wazazi iko wapi, yenye muhuri wa mzee wa mtaa?"

Barua hiyo aliibuni Rahanatu mwenyewe. Amegawa fomu zake kwa maelfu, hadi wafuga ngamia wanazo. Ya kwake hakuijaza.

"Nampigia mama yake sasa hivi."

"Ulitufundisha kwamba wakala wa wauza watoto ana dada kila mji, na simu haina muhuri."

Kisha akamchukua Bibata pembeni, kama alivyofundishwa, akachuchumaa ili walingane kimo. "Mwanangu, huyu ni nani wako?"

Bibata akakaza midomo. "Mama mdogo kasema nikiulizwa na mtu nisiyemjua, nisijibu mpaka aje mtu wa ulinzi wa watoto."

"Vizuri sana. Mtu huyo ni nani?"

Bibata akamnyooshea kidole Rahanatu.

Mama muuza chai alilazimika kukalia ndoo yake kwa kicheko. Hata dereva alizima injini ili asikie vizuri. Rahanatu alijaribu kucheka, uso ukakataa.

"Ghumur, kaka yangu, unanijua miaka kumi na mmoja."

"Wewe nakujua. Mtoto simjui." Akashusha sauti. "Kabla ya semina zako alipita hapa mwanamke niliyemjua, mtani wangu kama wewe, na mabinti wawili. Aliniambia anakwenda kuwauza. Nikacheka, nikamfungulia lango. Mpaka leo wale mabinti hawajarudi."

Rahanatu aliweka begi chini.

Mtu akatumwa kwa mzee wa mtaa. Mzee alimaliza uradi wake bila haraka, akanywa uji, akatafuta muhuri chini ya mto. Alipofika na kuthibitisha kwamba mtoto ni wa nyumba ile, basi lilikuwa limebaki vumbi. Bibata alilia akiwa ameivaa ile kofia mwenyewe, ikiwa imemkaa utosini kama kifuniko cha chupa.

Ghumur ndiye aliyewatafutia lori la vitunguu linaloshuka kusini. Akawaketisha mbele kwa dereva, akalipa mwenyewe, akasema, "Nenda, mtumwa wangu. Sasa lango liko nyuma yako."

Walifika Dosso Alhamisi adhuhuri. Jina lilikwisha kutamkwa, kondoo amekwisha kuchunwa. Bibata akaipenyeza kofia kwenye kichwa cha kichanga akiwa ananuka vitunguu toka nywele hadi vidole, na kichanga kikapiga chafya.

"Dada, umechelewa wapi?" Kadi aliuliza.

"Nilikamatwa kwa kumwiba mwanao."

"Nani kakukamata?"

"Mtani wangu wa stendi."

Kadi akamtazama binti yake ambaye hakumwona kwa miezi mingi. Kisha akaita jikoni: "Mguu wa nyuma usipikwe! Ukaushwe, upelekwe Agadez kwa yule Mtuareg. Mwambieni mtumwa wake kamletea."

Ile fomu ya mshukiwa aliyoijaza Ghumur langoni haijachanwa. Kwenye mkutano wa wataalamu wa mwisho wa mwaka, Rahanatu alisoma takwimu za lango letu, na bwana mmoja kutoka makao makuu akataka kujua kuhusu yule mshukiwa wa kike, mwenye elimu ya juu, aliyekiri mwenyewe hadharani.

"Yuko chini ya uangalizi," Madamu alijibu. "Mkaguzi humwona kila asubuhi."