Nilijaza Meza Kusudi Binti Yangu Akose pa Kuweka Bakuli

Jumapili ile nilipika vyakula vya pembeni vya kutosha harusi, na nyama yenyewe ilikuwa bata mmoja tu.

Nia yangu haikuwa kumshibisha mtu. Nilikuwa nazuia bakuli moja lisitue mezani kwangu.

Ngojeni niwaeleze taratibu, msije mkasema bibi kachanganyikiwa.

Marehemu mume wangu alituachia utaratibu. Mtoto mwenye ombi zito haji kulialia. Anasubiri siku ya nyama, anakuja na bakuli la chakula alichopika kwa mikono yake, analiweka kando ya nyama. Tukilila, ombi limekubaliwa hata kabla hajalitaja. Likikosa nafasi mezani, linarudi lilikotoka, na hakuna kununiana.

Sasa Alhamisi binti yangu wa kwanza akanipigia simu. Huyu tunamwita Bosi. Tangu mdogo, hata paka alikuwa anampangia pa kulala.

"Mama, Jumapili unaoka bata?"

"Naoka."

"Basi nitakuja na kitu cha pembeni."

Akakata.

Nilijua anachotaka. Tangu niteleze bafuni nikavimba kifundo cha mguu, wimbo wake ulikuwa huohuo: Mama, nyumba imekushinda, ifunge, njoo ukae kwangu. Mimi nikawa nampiga danadana. Nitafikiria, nitafikiria.

Sasa amechoka kubembeleza, anakuja na bakuli.

Nyumba yangu ni ya vyumba vitatu, na dirisha la jikoni halifungi mpaka uliinue kwanza. Lakini ni mimi ninayejua kwamba linainuliwa. Niende kwa watu, niombe ruhusa ya kuchemsha chai? Thubutu.

Nikachukua mabakuli matupu, nikayapanga kuzunguka sinia. Meza yangu ya duara ni ndogo. Yakaingia matano, la sita likaning'inia.

Basi dawa ndiyo hiyo. Nijaze yote matano.

Lakini Bosi si wa kudanganywa na mabakuli. Akiona pengo lolote, atasema, "Mama, bata bila kitu fulani?" na lake litaingia palepale. Ilibidi nifikirie kila kitu kinachoweza kukaa na bata.

Nikamfuata jirani yangu, fundi cherehani, mwanamke wa rika langu.

"Bata ana mafuta, shoga," akaniambia, sindano iko mdomoni. "Usipomwekea kichachu, umeacha mlango wazi."

"Kabichi kwa siki."

"Na kitamu?"

"Karoti kwa maji ya chungwa."

"Cha kushibisha?"

"Viazi. Navioka chini ya bata, vinywe yale mafuta yanayodondoka."

"Na akija na wali?"

Nikaongeza wali. Na cha kijani? Nikaongeza maharage machanga, yale ya kupikwa na maganda yake.

"Na akija na supu?"

"Fundi, usinitie wazimu."

Jumapili sikukaa. Nikikaa, nasimama. Gari likipita nje, nafunua pazia. Bata anachuruzika kwenye jiko, mimi nahamisha karoti kushoto, nairudisha kulia. Nikaona karoti haitoshi kwa utamu, nikachemsha boga. Nikalionja. Limepooza. Karoti ikarudi.

Kitinda mimba wangu, dereva wa lori, ndiye aliyetangulia kufika.

"Mama, leo tunakula sisi au kikosi?"

Akaweka funguo mezani.

"Toa funguo hizo."

"Zimekosa nini?"

"Toa. Nafasi hiyo ina kazi."

Nikasukuma bakuli la wali likaziba pale.

Bosi akaingia, kashika mfuko kwa mikono miwili kama kabeba mtoto. Akaiangalia meza. Akaizunguka kwa macho, bakuli kwa bakuli.

"Mama, umemaliza vyote."

"Nimemaliza."

"Hata pa kuweka..."

"Pa kuweka nini?"

"Basi tu."

Mfuko akauweka nyuma ya mlango.

Moyoni nikasema, nimeshinda.

Tukala. Lakini nikamwona Bosi hamwambii mdogo wake atoe kiwiko mezani. Hasemi siki imezidi. Kachukua kiazi kimoja, anakikatakata, hakiingii mdomoni. Nikamsogezea karoti, hakuigusa.

Kabla hatujamaliza, akainuka, akauchukua mfuko wake.

"Dada, mbona na bakuli lako?" kitinda mimba akauliza.

"Linarudi lilikotoka. Utaratibu ni utaratibu."

"Usininunie, mwanangu," nikasema. "Mimi sihami."

"Unahamia wapi?"

"Kwako. Si ndicho ulichokuja kuomba?"

Akaniangalia kama ananiona leo.

"Mama, kwangu hakuna tena. Mimi na mume wangu tumeachana. Wiki nzima nalala kwenye kochi la mfanyakazi mwenzangu. Nilikuja kukuomba chumba cha nyuma."

Nikainuka. Nikabeba kabichi, nikaiweka sakafuni. Nikabeba karoti. Nikabeba wali, kitinda mimba akaupokea akaupakata.

"Lete bakuli."

"Limepoa, mama. Na jiko la watu sikulizoea. Ni viazi vya kuponda, vina madonge."

"Nimekuuliza kama vina madonge?"

Vilikuwa nayo, tena makubwa. Nilikula donge moja moja, natafuna polepole, yeye kasimama ananitazama kijiko. Bakuli nikalikomba kwa kidole, asije akasema mama alibakiza.

"Chumba cha nyuma kina magunia," nikamwambia. "Mdogo wako atayatoa akishashiba."

Hapo ndipo akakaa, akakila kiazi chake.

Leo ninapoandika haya, ameshapanga jiko langu upya na mwiko siuoni. Nimemwachia.

Mwanangu unayesoma, funga mlango wako ukitaka, ni wako. Lakini kabla hujaukaza, muulize anayebisha: umekuja kunitoa, au umekosa pa kulala?