Sufuria Isiyotoa Moshi

Kama unataka hadithi ya kukuletea usingizi, nenda kwa mwingine. Hii ilinipata mimi mwenyewe, Nakuru, miaka ya hamsini, nikiwa karani wa reli mwenye suruali iliyopigwa pasi na uroho wa fisi.

Nilikuwa na chumba kimoja katika landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi. Ng'ambo ya reli aliishi senge wangu, yaani shangazi, dada ya baba, aliyenilea nilipobaki yatima. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Kila alipouona moshi wa jiko langu alivuka reli na bakuli lake la bati lenye ukingo wa buluu. Hakuomba. Alisema tu, "Nimeona moshi, mwanangu," nami nikapakua. Kwetu moshi ukipanda, mlango uko wazi.

Nikachoka. Niamini, sikuwa na sababu nyingine. Nilitaka kula nyama yangu peke yangu.

Dukani kwa Mhindi kulikuwa na sufuria mbili za stima, zinazopika kwa umeme. Mwenye duka akanisogezea ile kubwa, ya kulisha watu sita. Nikamwuliza kuhusu ile ndogo.

"Hii ya mtu moja tu. Maji usipitishe hapa, chini usiloweshe, funika vizuri. Moshi hapana."

Moshi hapana! Niliibeba chini ya koti kama mwizi.

Chumba changu hakikuwa na soketi, ila taa moja tu darini. Basi nilitoa balbu nikachomeka waya palepale. Unaona? Nilipika gizani nikala gizani, dirisha limefungwa. Senge alipokuja kuuliza, nilimwambia mshahara umechelewa, jiko limelala.

"Pole, mwanangu," akasema, akanipa viazi vyake viwili. Nilivipokea. Nikavichemsha na nyama.

Wiki ya tatu, Jumapili jioni, mifupa ikitokota, mlango ulifunguka. Akaingia mwanamke nisiyemjua, mkononi ana bakuli la senge.

"Mwenye bakuli anauliza kama umewasha moto."

"Mwambie sijapika."

Akanipita, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha moto, akakiacha hapo. Sufuria ikanyamaza. "Hukutaka moshi," akasema polepole. "Basi hutauona tena." Akatoka. Nilipowasha kiberiti niliona nyayo zake sakafuni, majivu matupu. Ndani ya sufuria mifupa ilikuwa baridi, mibichi, na damu juu yake.

Nilivuka reli mbio. Majirani walikuwa wamevunja mlango wa senge, uliokuwa umefungwa kwa komeo ndani. Alikuwa amekufa tangu asubuhi, kiti chake kimeelekezwa dirishani, upande wa landi. Bakuli lilikuwa mapajani mwake, kavu.

"Nani mmemtuma kwangu?" nikauliza.

Wakatazamana. Hawakuwa wamemtuma mtu.

"Sisi tulidhani anakula kwako," akasema mama mmoja. "Na yeye alikuwa anakuhurumia wewe. Alisema mtoto wake hajapika wiki tatu."

Niliitupa sufuria shimoni. Nikarudi kwa makaa, kwa kuni, hata kuni mbichi zinazotoa machozi nyumba nzima. Moto unawaka, chakula kinaiva, lakini moshi hautoki, hata uzi mmoja. Sasa nimezeeka hapa Bahati, nje ya Nakuru. Nina mahindi ghalani na maharagwe ya kutosha. Kila jioni moshi unapanda kwa watu wote isipokuwa kwangu, na wapita njia husikika wakiambiana kwamba hapa hapaishi mtu. Nimewaita mara ngapi? Hawageuki. Mezani huwa naweka mabakuli mawili, halafu naosha moja.

Wewe unayekwenda dukani kuchagua sufuria, usianze kuuliza inakula stima kiasi gani. Uliza italisha wangapi. Ile ya mtu mmoja iache hapohapo; mtu huyo ni mimi.