Mwezi wa Kajiwe

Wiki iliyopita, katika saluni moja ya mtaa wa Mutakura, msusi alifungua kopo la mafuta ya nywele yanayonukia nazi, na kabla hajanigusa, shingo yangu ilijikaza yenyewe kama ya mtoto anayeona kichanuo kikija. Nilicheka. Msusi aliniuliza kulikoni, nikashindwa kumweleza. Ninyi mna subira zaidi, ninyi nitawaeleza.

Tuliishi mtaa wa Bwiza, mjini humuhumu, katika ua wenye wapangaji wengi na bomba moja la maji. Tulikuwa watatu, tuliovuka mpaka kutoka Bukavu: mama yangu, mdogo wake niliyemwita Mamdogo, na mimi mwenye miaka saba. Mama aliuza vitenge. Asubuhi moja alifunga mzigo wake ili avuke kwenda Uvira, kisha apande mashua hadi Kalemie. Mlangoni aliniinamia akasema, "Usilie. Mwezi yenye kuya, niko hapa." Kwa mtoto wa umri ule mwezi ujao ulikuwa kama ziwa letu upande wa kusini: unaona linapoanzia, huoni linapoishia.

Jirani yetu Papa Espérance alikuwa mlinzi wa ghala kwenye mtaa wa viwanda. Alisikiliza habari za redio kwa Kifaransa, kisha akatoka uani kututangazia upya kwa Kiswahili, na kwa sauti kubwa kuliko ya redio yenyewe. Alasiri moja alitoka mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Sikieni! Wameona kajiwe kule juu, katikati ya sayari Marsi na Jupiteri. Mawe kama ile iko mingi sana, lakini hii iko na mwezi yake!"

Mpangaji mwenzetu, Mama Riziki, alikuwa akifua bombani. "Jiwe inaona mwezi?" alisema bila kuinua kichwa. "Basi ni mwanamuke. Tungojee, itazaa."

Wanawake walicheka mpaka ndoo ikapinduka. Mimi sikujua walichokicheka, lakini nilicheka nao kwa adabu.

"Munacheka sayansi!" Papa Espérance alifoka. "Ni mwezi ya kuzunguka, si ile yenu!"

Nilimfuata hadi mlangoni kwake. "Papa Espérance, kule mwezi inaisha siku ngapi?"

Alifurahi kupata mwanafunzi mmoja makini. "Inazunguka mbio, mutoto wangu. Hata siku mbili hazifike."

Mnaijua lugha yetu: mwezi unaong'aa na mwezi unaohesabiwa ni neno lilelile. Na mama hakuwa amesema ni mwezi upi. Kesho kutwa yake, nilipotoka shuleni, nilioga bila kuambiwa, nikavaa gauni la misa ya Jumapili, nikaketi kizingitini nikiangalia lango la ua.

Mamdogo alinikuta hapo. Alikuwa na ulimi mkali, na kunitania ndiyo ilikuwa burudani yake kuu.

"We, leo si dimanshi. Nani anakuya kukuoa?"

"Mama anafika leo. Mwezi ya kajiwe imeisha."

Nilingoja kicheko. Aliliangalia lango, akaniangalia mimi, kisha akaketi nyuma yangu, akanivuta katikati ya magoti yake na kuanza kufumua nywele zangu.

"Basi hii imeisha," alisema. "Hakufika mu hii, atafika mu ingine. Na mwezi ikiisha, tunabadilisha kichwa."

Ndivyo ilivyoanza. Kila mwezi wa kajiwe ulipokwisha nilifumuliwa, nikapakwa mafuta ya nazi na kusukwa upya: mistari ya kwenda nyuma, mistari ya kuzunguka, vifundo vilivyosimama kama pilipili. Ngozi ya kichwa ilinivuta hadi nyusi zikapanda, na shuleni mwalimu alidhani kila kitu kinanishangaza.

"Mamdogo, unalima nini pale kila mara?" Mama Riziki alimchokoza. "Utavuna nini?"

"Nitavuna dada yangu," alijibu, macho yakiwa kwenye kichanuo.

Siku nyingine alikwenda kwenye kituo cha mabasi madogo ya Uvira kuwauliza waliovuka. Alirudi na kusema tu, "Leta kichanuo," hata kama nilikuwa nimesukwa jana yake. Kalenda ya parokia iliyoning'inia ukutani aliigeuza uso. Nilipomuuliza sababu alisema, "Kungojea hakuuwe mutu. Kuhesabu ndiyo kunauwa."

Mvua zilikuja, zikaondoka. Kisha alasiri moja yenye vumbi mama aliingia langoni, amekonda, amevaa nguo zisizo zake, bila mzigo wowote. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, vidole vyake vikapapasa kwenye panja, ambako nywele zilikuwa zimeanza kukimbia.

"Yesu wangu! Nani ameniharibia mutoto nywele?"

Mamdogo alikwenda bombani akanawa uso, akanawa tena, maji yakiendelea kumwagika hata Mama Riziki akaenda kuyafunga mwenyewe.

Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba mashua zilikuwa zimekoma kuvuka kwa sababu ya vita, na kwamba kituoni watu walimweleza Mamdogo mambo ambayo alirudi nayo nyumbani akayanyamazia. Chuoni nilisoma pia kwamba jiwe dogo kama lile lina uvutano hafifu mno; mtu angesimama juu yake akarusha kokoto kwa nguvu, kokoto hilo lingeweza kupotea angani. Hata hivyo huo uvutano kidogo unatosha kuushika mwezi wake.

Nilidhani nililelewa na mtu mzima. Mamdogo alikuwa na miaka kumi na saba. Binti yangu ana umri huohuo sasa, na asubuhi hii ameniita kutoka chumbani nimtafutie viatu vyake.