Kabla Maji Hayajakauka Mgongoni

Usiku ule, wewe unayenisikiliza, sikulala kwa amani. Nililala kwa hasira. Nakuambia hili mapema usije ukadhani kwamba wafu huwatembelea tu watu waliotulia na kusali vizuri. Mimi nilikuwa nimevimba kama andazi, nimegeukia ukutani, na mikono yangu inanuka limao.

Nikueleze kwanza hasira ilikotoka. Binti yangu Atu alikuwa na miaka mitano. Alizaliwa Kyela, karibu na ziwa, kwenye joto ambalo ngozi haijui kukauka. Kisha baba yake akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Makete, nasi tukapanda naye milimani. Tulifika baridi ikianza. Kule asubuhi nyasi huamka nyeupe kwa barafu, na upepo ni mkavu, unakausha hata ulimi. Wiki ya tatu miguu ya Atu ikawa kama imepakwa jivu. Wiki ya tano ngozi ya nyuma ya magoti na kwenye viwiko ikaanza kupasuka. Akawa anajikuna usingizini mpaka shuka linapata madoa ya damu.

Usidhani nilikaa tu. Kila jioni nilimwogesha maji ya moto hasa, maana niliamini moto ndio unaolainisha. Nilimsugua kwa dodoki ili lile ganda jeupe litoke. Nilitumia sabuni ya mche, ileile ya kufulia, kwa sababu inatakatisha. Halafu nilimkalisha karibu na jiko la mkaa hadi akauke kabisa, hata nyuma ya masikio. Hilo la jiko nilifundishwa na jirani yangu, Mama Sanga, siku ya kwanza aliponiona nimemfunga mtoto kanga akiwa bado ana maji.

"Huku si Kyela, mama Atu," aliniambia. "Huku mtoto hapakwi mafuta kabla ya kuota moto. Akibaki na maji mwilini, kesho unauguza kifua."

Nyumba zote za jirani zilifanya hivyo. Watoto wengi pale walikuwa na magoti ya jivu pia, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Baada ya moto ndipo nilipaka mafuta. Mafuta ya mgando yanayonukia, ya nazi, ya alizeti, hata ya parachichi niliyoyatengeneza mwenyewe jikoni. Yote yalikaa juu ya ngozi yakang'aa, mtoto akapendeza kwa saa moja. Asubuhi jivu limerudi, tena na nyufa mpya. Sijui kama umewahi kufanya jambo kwa bidii zako zote, kila siku, na kila siku likakucheka. Inachosha kuliko kulima.

Jioni ile, basi, mama mmoja sokoni alikuwa amenishauri nikamulie limao ndani ya mafuta. Nikakamulia. Nikampaka Atu kwenye nyufa.

Yowe alilolitoa bado ninalo masikioni. Alipiga kopo teke likamwagika, akakimbilia kwa baba yake, na kutoka mgongoni mwa baba yake akaniambia, "Mama, usiniguse tena."

Hakutania. Nilipomkaribia kumfuta, alijikunja kama jongoo. Akalala upande wa baba yake, mimi nikabaki upande wangu.

"Kesho mwache tu asioge," mume wangu alisema gizani.

"Aoze?"

"Si nimesema kesho tu?"

Nikageukia ukutani. Ndivyo nilivyolala.

Nikajikuta nimesimama nyuma ya nyumba ya Bibi, kule ziwani. Ilikuwa asubuhi. Bibi mzaa mama alifariki mwaka mmoja kabla Atu hajazaliwa. Ndotoni nalijua hilo vizuri, wala halinisumbui. Alikuwa mfinyanzi maisha yake yote, na sasa amekaa chini kama alivyokaa siku zote, miguu ameinyoosha, chungu kibichi kiko katikati ya mapaja yake, analainisha mdomo wake kwa kitambaa chenye maji.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu," anasema bila kuinua macho. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Umekuja na harufu ya limao. Nani unataka kumla na pilipili?"

Namwambia, "Bibi, mtoto wangu anapasuka. Nipe dawa."

Ananikabidhi kitambaa kibichi. "Nishikie hiki."

Nakishika. Maji yanachuruzika hadi kwenye viwiko vyangu. Nasubiri. Yeye anazungusha chungu, anakitazama, anakizungusha tena. Namwambia tena kuhusu Atu, nyufa, damu kwenye shuka. Anapuliza kipande cha jani kilichonasa kwenye udongo. Najisikia kumtikisa mabega. Nimetoka mbali hivi, amekufa miaka yote hii, na anajali jani!

"Bibi, jina la dawa tu. Niambie jina tu niende."

"Jiko lako linawaka," anasema.

Nikageuka. Kweli, jiko langu la mkaa la Makete liko pale uani kwake, linawaka, na mimi si mama wa mtu tena. Nina miaka tisa, nimevaa gauni la shule, na ni siku ileile ambayo sikuwahi kuisahau. Siku hiyo Bibi aliacha chungu kivulini, amekifunika majani ya mgomba. Nilitaka kumsaidia, kikauke upesi. Siku ya kweli nilikipeleka juani. Ndotoni nakipeleka kwenye jiko. Nakichukua kwa mikono miwili, nakiweka kando ya moto, nafurahi, nasubiri anisifu.

Chungu kikalia. Mlio mdogo, kama ganda la karanga linavyopasuka. Ufa ukaanzia mdomoni ukashuka taratibu hadi tumboni mwa chungu, nami nautazama unavyoshuka, na ninajua tayari nimeuona ufa huo mahali. Niliuona nyuma ya goti.

Bibi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikitazama tu, kisha akanitazama mimi.

"Nimefanya kila kitu!" nikapiga kelele, na sauti yangu si ya mtoto wa miaka tisa tena. "Maji ya moto, sabuni, dodoki, mafuta ya aina nne! Kila siku, Bibi! Unataka nifanye nini tena?"

Anacheka kwa fizi zake.

"Mafuta hayaleti maji, mke mwenzangu. Mafuta ni mlango. Wewe unawafukuza watu wote nyumbani, halafu ndiyo unafunga mlango. Unamfungia nani?"



Akaniashiria nikae. Sasa tuko chumbani kwangu Makete, na dirishani nyasi ni nyeupe, lakini yeye amekaa vilevile, miguu ameinyoosha, na kilicho katikati ya mapaja yake si chungu. Ni mgongo wa Atu. Mtoto amekaa kimya kwenye beseni, ameshika mfuniko wa kopo, anauchezea. Bibi anatia kiwiko chake kwenye maji, anatikisa kichwa, anaongeza ya baridi, anatia kiwiko tena. Anachota kwa kata, anamwaga begani. Anatia sabuni kidogo mkononi mwake, ile laini ya kuogea, anampaka kwapani, miguuni chini, na pale panapochafuka kweli, basi. Dodoki liko mlangoni. Analitazama kama mtu anavyomtazama mbwa mgeni.

Hamkalishi sana majini. Anamtoa, anachukua taulo, wala hamsugui. Analaza taulo mgongoni, analiinua. Analaza, anainua. Naona matone madogo yamebaki kwenye ngozi, yanameremeta, na hapohapo Bibi anachovya vidole kwenye mafuta ya mgando, yale yasiyo na manukato ambayo nilikuwa nimeyadharau kwa kuwa hayanukii, anayalainisha viganjani na kuanza kuyapaka juu ya yale matone.

"Baridi, Bibi! Ataumwa kifua!"

"Basi funga dirisha na umvike nguo. Nani amekuambia umwache uchi?"

Nafunga dirisha.

Anapaka kwa kushuka, kufuata vinyweleo, kama alivyokuwa akipaka rangi ile nyekundu kwenye vyungu vyake. Ndipo nakumbuka. Sikuwahi kumwona akipaka rangi chungu kilichokauka kabisa. Alikuwa akikibonyeza kwa kidole gumba, akiona bado kina ubaridi wa maji ndani yake, ndipo anapaka. Nilipomuuliza zamani, alisema kikishakauka hakishiki kitu, rangi inabanduka. Nililijua jambo hili tangu nina miaka tisa. Nililijua, na nikapanda nalo mlimani, na sikulitumia hata siku moja.

Akashika mikono yangu. Sikuwa nimeitazama, nayo ilikuwa imepasuka kwenye vifundo, limao limeingia humo. Akaipaka pia, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Bibi," nikasema, "hujawahi kumwona mtoto wangu. Anaitwa Atu."

"Mgongo wake nimeshauona," anasema. "Sura atanionyesha mwenyewe akipenda."

Kisha anainuka kwa kushika goti, kama zamani, anachukua chungu chenye ufa, ananipa. "Hiki ni chako." Nataka kumuuliza nikifanyie nini, lakini kinavuja maji kupitia kwenye ufa, yanamwagika miguuni kwangu, ya uvuguvugu, na ninaamka.

Kumekucha. Jogoo wa Mama Sanga anawika. Na je, niliamka na furaha? Hapana. Niliamka nimekasirika kuliko nilivyolala. Wiki zote zile! Nimemchemsha mtoto, nimemsugua, nimemkausha kama dagaa, halafu nikampaka mafuta juu ya ukavu nilioutengeneza mwenyewe. Nililia kidogo. Nakuambia hilo kwa sababu huenda nawe umefanya yaleyale, na sitaki ujichape kama nilivyojichapa mimi. Hukujua. Sasa tunajua.

Atu alikuwa macho, ananiangalia kutoka nyuma ya mgongo wa baba yake.

"Nikuoshe?" nikamuuliza.

"Kwa dodoki?"

"Hapana."

"Kwa limao?"

"Limao nitampa mbuzi wa Mama Sanga."

Akafikiri. "Hatakula. Ana akili."

"Basi tutalitupa."

"Nikisema acha, utaacha?"

"Nitaacha."

Jiko lilibaki nje. Nilifunga dirisha, nikaweka nguo zake tayari kitandani, ya pamba ndani, sweta juu, kwani sufu ikigusa ngozi kama ile inawasha. Nilitia kiwiko kwenye maji. Nilimwagia kwa kikombe, nikamtoa mapema, nikalaza taulo mgongoni mwake, nikaliinua. Nilipochovya mafuta, akasema, "Acha."

Nikaacha. Mkono wangu ukabaki hewani, mafuta yanayeyuka vidoleni, na matone mgongoni mwake yanaanza kupungua. Kila kilichokuwa ndani yangu kilitaka kupaka upesi.

Akageuza shingo, akanitazama kuona kama nimeacha kweli. Kisha akageuka mbele.

"Endelea."

Sitakudanganya kwamba alipona siku ile. Ilichukua wiki kadhaa, asubuhi na jioni, na ufa mmoja wa nyuma ya goti uliokuwa unatoa maji ya njano ulinifanya nimpeleke zahanati, wakampa dawa yake, maana kidonda si kazi ya mafuta. Mama Sanga alinitazama vibaya kwa siku nyingi, akisubiri kifua. Hakikuja. Siku moja alinijia na mjukuu wake mkononi, akajifanya ametumwa chumvi, akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi unampaka lini hasa?"

Nikamwambia kama ninavyokuambia wewe. Leo jioni chukua maji ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko. Oga upesi, usisugue. Gusagusa tu kwa taulo maji yasichuruzike, na upake mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Kisha vaa nguo.