Mama Mkwe Ndani ya Mashine ya Gemu

Mume wangu ni mtumishi wa serikali, lakini nyumbani ni mtaalamu. Alipohamishiwa Mbinga alikuja na begi la nguo na mashine ya kuchezea gemu kwenye televisheni, aliyoichokonoa mwenyewe, akaiwekea programu ya kupanga mafaili iliyotengenezwa na watu wasiojulikana huko mtandaoni. Kahawa ya Matiri hajui inavunwa mwezi gani, ila folda zake zimenyooka.

Simu yangu ilipoanza kuzimikazimika, alinishauri video ya marehemu mama yangu tuihifadhi humo kwenye mashine. "Humu ni salama kuliko benki," alisema. Kwenye video mama anaanika usipa, dagaa wa kwetu, juu ya mawe kule ziwani, ananigombeza kwa Kinyasa, kwa nini nampiga picha na kanga ya kazi. Sauti yake niliyobaki nayo ni hiyo tu. Simu ikafa, nami nikatulia, si nina mume mtaalamu.

Sasa programu ile huonyesha picha ndogo ya kila video. Kila bwana mkubwa alipotafuta gemu yake ya mpira, mama mkwe huyo hapo, amekunja uso. Na bwana mwenyewe yuko kwenye kochi, kaptula na kifua wazi. Kwetu mwanaume hakai hivyo mbele ya mkwewe, na kwao pia. Badala ya kuvaa suruali, akaona heri amhamishe mama. Akamtafutia folda ya pembeni, tupu, yenye utulivu, mahali pa heshima.

Folda ilikuwa tupu kwa sababu programu hufuta yenyewe kila kilichomo mashine inapozimwa. Hilo mtaalamu hakulijua. Alizima, akaenda kazini.

Jioni nikaomba kumwona mama. Akatafuta, akarudia, mama hayumo. "Mke wangu, nilikuwa nampa heshima," alisema. Nikamshukuru kwa heshima yake. Kisha nikaingia jikoni nikalia mpaka ugali ukaungua. Malori ya makaa ya mawe kutoka mgodini Ngaka yalikuwa yanapita, angalau majirani hawakunisikia.

Mashine bado iko sebuleni, na mpira anacheza. Ila siku hizi, kabla ya kuiwasha, anaingia chumbani, anavaa suruali ndefu na shati, anafunga vifungo vyote. Nilimwuliza anamvalia nani, maana mkwewe hayumo tena. Akafunga kifungo cha shingoni, akaenda kuiwasha.