Kifaranga wa Bi. Kanta

Siku ya kwanza nilipewa ufagio, si kuku. Ilikuwa miaka ya tisini. Binti yangu Salma alikuwa amenileta London nimlelee watoto, na walipoanza shule nikatafuta kazi. Nikaipata karibu na Stanmore, kwenye shamba dogo la wanyama ambako watoto wa shule huletwa kuona mbuzi na bata. Meneja, Bi. Maureen, akanionyesha banda la kufagia. Ndani alikuwemo msimamizi wa kuku, Desmond, Mjamaika mrefu mwenye kofia ya sufu, amemgeuza kifaranga kichwa chini anamtazama matakoni.

"Unajua natafuta nini?" akaniuliza.

Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Nikamwonyesha kwa kidole: mavi yamegandia, njia imeziba. Nimekulia Singida mimi. Kuku wa mama ndio walionisomesha mpaka darasa la nne, kisha kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima, kikawamaliza na shule ikaishia hapo. Desmond akacheka. "Weka ufagio chini, Mama."

Nikaanza hivyo. Pale kifaranga hakuwa na mama. Mayai yalikaa kwenye mashine ya kuangulia, na vifaranga wakitoka waliwekwa chini ya taa ya joto, nyekundu, inayoning'inia juu ya maranda ya seremala. Mnyonge unamjua kwa kusimama kwake: mabawa yameshuka, macho nusu, wenzake wanakula yeye anasinzia. Unamchovya ncha tu ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari. Ukimmiminia, yanaingia mapafuni, umemuua mwenyewe. Aliyetanuka miguu unamfunga kipande cha plasta, mguu kwa mguu, ukimwachia nafasi ya kupiga hatua. Na Desmond alikuwa na sharti lililopita yote: mgonjwa hatengwi peke yake. Unamtoa pamoja na mwenzake mmoja, mzima, mpole. Akizoea kukaa peke yake anasahau kuwa yeye ni kuku.

Kwetu tulimfunga mnyonge kifuani ndani ya khanga, tukafanya naye kazi, jioni tukamsukuma chini ya mama yake. Nilimsimulia hayo Bi. Kanta, Mhindi aliyekuwa akija kujitolea. Alizaliwa Mwanza, baba yake akiuza vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kabisa. Mumewe, Ratilal, alikuwa amefariki majira yale ya baridi.

"Nyumba imenyamaza, Mama Salma," aliniambia. "Hata friji nikiisikia inanguruma nafurahi."

Basi akatotolewa kifaranga mmoja, miguu imetanuka, shingo haimudu kichwa. Desmond alishamchukua kwenda kummaliza, maana kazi yake ilikuwa na hiyo pia. Bi. Kanta akamzuia mkono.

"Nipe mimi. Nitamtunza nyumbani."

Meneja akakubali, mpaka kifaranga atakapopata nguvu. Desmond akaleta boksi, akatia wa pili, mzima. Bi. Kanta akamtoa yule wa pili.

"Chukua wawili," Desmond akasema.

Bi. Kanta akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Wakiwa wawili watazungumza wao kwa wao. Mimi nitabaki nje tena."

Desmond akaniuliza amesema nini, nikamtafsiria kama alivyosema. Akamrudisha yule mzima chini ya taa.

Kifaranga akapona. Bi. Kanta alimbeba kifuani, ndani ya sweta, kama nilivyomweleza, akija kazini kichwa kinachungulia kwenye vifungo.

"Huyu ananifuata mpaka chooni," akaniambia. "Ratilal maisha yake yote hakunifuata hata dukani!"

"Labda ulikuwa hujampa maji ya sukari," nikamjibu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Lakini wa shamba ni wa shamba. Bi. Maureen akasema arudi. Tukamweka chini ya taa, wenzake wakamrukia kumdonoa, kwa kuwa mgeni hudonolewa. Desmond akagawa banda kwa waya ili wazoeane kwa macho. Bi. Kanta akaondoka upesi bila kugeuka. Yule kifaranga akakimbilia mlangoni alikopitia Bi. Kanta, akaanza kuita. Kuna mlio wa kifaranga aliyepotea, wa juu, haupumziki. Nilimrudisha kwenye joto, akaenda tena mlangoni. Desmond akamrudisha, akaenda tena.

Asubuhi nilimkuta nje ya duara la taa, amejibana kwenye waya, amekufa, mwili wa baridi.

Bi. Kanta akaja na kiini cha yai alichokiponda, chakula cha kifaranga wake. Nikafungua kitambaa nilichomfunikia, nikamwonyesha.

"Aliita?"

"Aliita."

"Mkamjibu?"

"Tulimrudisha kwenye joto, dada."

"Sikuuliza hilo."

Hakuja tena. Desmond akanipa vifaranga wawili kwenye boksi, nikapanda basi mpaka kwake. Alifungua mlango, akawatazama sana. "Wazuri," akasema. "Warudishe kwa wenzao." Jikoni mwake taa ya joto aliyomwekea kifaranga wake ilikuwa bado inawaka juu ya maranda matupu. Tukanywa chai ya tangawizi. Baadaye mwanawe Hasmukh alimhamishia mji wa Leicester.

Desmond alipostaafu kwa sababu ya magoti kuuma, usimamizi wa kuku nikaushika mimi, mpaka nami nikachoka, miaka ya elfu mbili. Sasa nipo Harrow kwa Salma. Nyinyi mnaoanza kazi hii, habari za joto, maji na plasta nimekwisha kuwapa. Hayo mtayajua upesi. Kumrejesha kwa wenzake aliyezoea kifua cha mtu, hilo sikulijua, na sijakutana na anayelijua. Kwa hiyo nilipokuwa msimamizi, aliyeniomba mmoja nilimpa wawili au nilimnyima. Wengi walichukua. Wachache, hasa wajane, waliliangalia boksi lenye wawili, wakaliacha mezani. Nilijua wanakorudi, kwenye nyumba zilizonyamaza, na niliwaacha waende.